Jinsi mwanga unavyopima protini ya damu

Wapo wasomaji wanaorudi kutoka maabara na karatasi yenye herufi CRP. Mmoja ameandikiwa "hakuna", mwingine "ipo", mwingine namba. Tofauti hiyo hutokana na njia iliyotumika, na mwezi huu tunapenda kuieleza.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930, nayo huongezeka upesi mwili unaposhambuliwa, hasa na bakteria. Ili kuipima, hutumika vipunje vidogo mno vya plastiki vilivyopakwa kingamwili. Protini ikiwepo huunganisha kipunje na kipunje, navyo hushikamana kuwa mabonge.

Njia ya kwanza ni ya macho. Tone la maji ya damu huchanganywa na tone la vipunje juu ya kibao cheusi, kisha kibao huzungushwa kama dakika 2. Mabonge huanza kuonekana CRP ikifika karibu miligramu 6 kwa lita. Njia hii ni nafuu na haidai umeme. Lakini ina mtego. Protini ikizidi mno, kila kipunje hujaa protini zake, pasibaki nafasi ya kushikana na mwenzake; mchanganyiko hubaki laini kama maziwa. Hivyo mgonjwa aliye hoi aweza kuandikiwa "hakuna"! Kwa sababu hiyo, mgonjwa akionekana mahututi, maji yake ya damu huzimuliwa na kupimwa tena.

Mashine nazo ni za aina mbili. Moja hupitisha mwanga moja kwa moja na kupima kiasi kilichopotea njiani, kama tunavyoiona taa hafifu ng'ambo ya ukungu. Nyingine husimama pembeni na kupima mwanga uliotawanywa, kama vumbi linavyong'aa katika mwali wa jua chumbani penye giza. Hii ya pili huona kiasi kidogo zaidi, kwa maana mng'ao mdogo gizani hutambulika kuliko upungufu mdogo katika mwanga mwingi. Hata hivyo huhitaji mashine maalumu. Ile ya kwanza hufanyika kwa mashine za kawaida za kemia, na kwa mahitaji mengi ya hospitali yatosha kabisa.

Mafuta mengi katika damu huleta ukungu wake na kuzivuruga zote mbili. Anayepimwa mara kwa mara na apimwe kwa njia ileile, ikiwezekana maabara ileile.