Mafunzo kwa Watoa Huduma wa Ngazi ya Msingi: Nguzo ya Kuzuia Saratani ya Mlango wa Kizazi

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani chache ambazo chanzo chake kinafahamika, hatua zake za awali zinaweza kuonekana, na tiba ya hatua hizo ni fupi na ya gharama ndogo. Hata hivyo, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika kuwa na ugonjwa huu na wapatao 350,000 walifariki dunia. Zaidi ya vifo tisa kati ya kila kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Tanzania, makadirio ya mwaka 2020 yalionesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi zaidi nchini.

Wengi wa wanawake wanaofikishwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Lakini ni nadra kwa mwanamke wa miaka 40 kuwa hajawahi kuingia zahanati. Amekwenda kujifungua, kumpeleka mtoto kliniki, kupata huduma ya uzazi wa mpango au kutibiwa malaria. Kila safari hiyo ilikuwa nafasi ya kumchunguza. Kama nafasi hiyo ilitumika au ilipotea, jambo hilo lilitegemea kwa kiasi kikubwa ujuzi wa muuguzi au tabibu aliyempokea.

Muda upo, lakini una mwisho

Karibu visa vyote vya saratani hii husababishwa na virusi vya papiloma vya binadamu, yaani HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili za virusi hivyo, namba 16 na 18, husababisha takribani asilimia 70 ya visa vyote. Watu wengi huambukizwa HPV wakati fulani maishani, na kwa walio wengi kinga ya mwili huviondoa virusi hivyo pasipo dalili yoyote. Kwa wachache, virusi hubaki na kubadilisha seli za mlango wa kizazi polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, hasa anayeishi na VVU asiyetumia dawa, yanaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Hatari ya kupata saratani hii kwa mwanamke anayeishi na VVU ni takribani mara sita ya ile ya asiye na VVU.

Katika nchi tajiri, muda huo umetumiwa kwa miongo mingi kuchukua seli za mlango wa kizazi na kuzipima kwa darubini. Kipimo hicho kinahitaji maabara, wataalamu wa patholojia na mwanamke anayeweza kurudi baada ya wiki kadhaa kuchukua majibu. Pale ambapo mtaalamu mmoja anahudumia mikoa mizima, majibu huchelewa na mwanamke hupotea. Ndiyo sababu njia ya kuangalia mlango wa kizazi kwa macho baada ya kupaka siki imeshika mizizi katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Majibu hutolewa papo hapo, na mara nyingi tiba hutolewa siku hiyo hiyo.

Ushahidi kutoka India na Zambia

Swali la msingi lilikuwa hili: je, mhudumu asiye daktari anaweza kufanya kazi hii kwa ubora unaookoa maisha? Katika wilaya ya Dindigul, kusini mwa India, wauguzi waliofunzwa waliwachunguza wanawake wa miaka 30 hadi 59 kwa siki na kuwatibu waliokutwa na mabadiliko. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionesha vifo kupungua kwa asilimia 35. Jijini Mumbai, utafiti ulioanza mwaka 1998 na kuhusisha wanawake wapatao 150,000 uliwatumia wahudumu wa afya wa kawaida waliopewa mafunzo ya wiki chache. Baada ya miaka 12, vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 31.

Hata hivyo, si kila utafiti ulitoa matokeo hayo. Katika wilaya ya Osmanabad, nchini humo humo, awamu moja ya kipimo cha vinasaba vya HPV ilipunguza vifo kwa takribani nusu, ilhali awamu moja ya uchunguzi kwa siki haikuonesha upungufu wa uhakika. Siki haikuwa tofauti. Uchunguzi huu hutegemea mno jicho la anayeutazama mlango wa kizazi, na jicho hilo hufunzwa, husimamiwa na huchoka.

Zambia ilijibu changamoto hiyo mapema. Tangu mwaka 2006, jijini Lusaka, wauguzi walifunzwa kuchunguza kwa siki na kupiga picha ya mlango wa kizazi kwa kamera ya kidijitali. Picha hizo zilimwezesha muuguzi kumwonesha mwanamke hali yake mwenyewe, na zilimwezesha daktari bingwa kupitia uamuzi wa muuguzi na kumsahihisha.

Anachopaswa kukimudu mtoa huduma

Mafunzo bora huanza na jambo linaloonekana dogo: kuandaa siki. Kiwango kinachotakiwa ni asilimia 3 hadi 5. Anayetumia asidi asetiki isiyochanganywa huchanganya mililita 5 na mililita 95 za maji safi, na huandaa mchanganyiko mpya kila siku. Siki hafifu mno huficha mabadiliko; kali mno humuunguza mwanamke.

Jambo la pili ni kulitambua eneo la mabadiliko, yaani mahali ambapo seli bapa za nje hukutana na seli za ndani za mfereji wa mlango wa kizazi. Saratani nyingi huanzia hapo. Baada ya kupaka siki, mtoa huduma husubiri angalau dakika moja kamili kwa saa. Asidi hugandisha kwa muda protini za seli, na seli zenye mabadiliko, kwa kuwa na protini nyingi zaidi, hugeuka nyeupe. Weupe unaohesabika kuwa chanya ni mzito, una kingo zilizo wazi na unagusa mpaka huo wa seli. Weupe hafifu usio na kingo, vijivimbe vya ute na wekundu wa uvimbe wa kawaida si saratani wala mabadiliko ya awali. Asiyejua tofauti hizo atawatibu wengi wasiohitaji, au atawaruhusu wengi waliohitaji.

Jambo la tatu ni kujua mipaka ya njia yenyewe. Mwanamke anapokoma hedhi, eneo la mabadiliko hurudi ndani ya mfereji na halionekani tena vizuri. Kumwambia mwanamke wa aina hiyo kwamba yuko salama kwa sababu hakuna weupe ulioonekana ni kumpa matumaini yasiyo na msingi. Anahitaji kipimo kingine.

Jambo la nne ni kuchagua tiba. Tiba mgando au tiba ya joto inafaa pale tu ambapo weupe wote unaonekana, hauingii ndani ya mfereji, haujafunika zaidi ya robo tatu ya mlango wa kizazi, mwanamke si mjamzito, na hakuna dalili ya saratani. Panapokuwa na uvimbe, kidonda kinachovuja damu kwa kuguswa, au nyama iliyomeguka, kifaa cha kutibia huwekwa kando na rufaa huandikwa siku hiyo hiyo. Kugandisha saratani iliyokwisha kuanza ni kuficha moto chini ya majivu.

Mafunzo hayaishii darasani

Udhaifu wa mafunzo mengi ni kuishia ukumbini. Mshiriki huona picha, hupewa cheti, kisha hurudi kituoni ambako spekulamu hazitoshi na gesi ya tiba mgando imekwisha. Miezi sita baadaye amehamishwa, na huduma imekufa pamoja na uhamisho wake. Kwa hiyo mpango wa mafunzo unapaswa kujumuisha mazoezi kwa wanawake halisi chini ya msimamizi, ziara za usimamizi kila baada ya miezi michache, na angalau watoa huduma wawili katika kila kituo.

Rejesta ya kituo nayo ni mwalimu. Mtoa huduma ambaye kwa miezi kadhaa hajampata hata mmoja mwenye matokeo chanya anahitaji kufuatiliwa, sawa na yule anayempata karibu kila mwanamke wa tatu. Muhimu zaidi ni kuhesabu waliotibiwa kati ya waliokutwa na mabadiliko. Uchunguzi usiofuatwa na tiba hauzuii saratani.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kiwe chaguo la kwanza popote kinapowezekana, kuanzia miaka 30, na kurudiwa kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaoishi na VVU kianze miaka 25 na kurudiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, jambo linaloondoa aibu inayowazuia wengi. Lakini atakayekutwa na virusi bado atahitaji mtu wa kumwangalia na kumtibu. Ujuzi wa muuguzi haupitwi na wakati.

Neno la mtoa huduma

Mwanamke anaposikia neno “chanya” mara nyingi husikia hukumu ya kifo. Mafunzo yanapaswa kumwandaa mtoa huduma kusema kwa utulivu: “Mama, hii si saratani. Ni mabadiliko ambayo yakiachwa yanaweza kuwa saratani, na leo tunaweza kuyaondoa.” Aidha, amweleze kwamba baada ya tiba atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, asijamiiane kwa wiki nne au atumie kondomu, na arudi baada ya miezi 12. Homa, maumivu makali ya tumbo, majimaji yenye harufu mbaya au damu nyingi ni sababu za kurudi mara moja.

Wajibu wa wanawake na familia

Mwanamke asisubiri dalili, kwa sababu mabadiliko ya awali hayaumi. Damu baada ya kujamiiana, kati ya hedhi mbili au baada ya kukoma hedhi, pamoja na uchafu wenye harufu kali, huhitaji uchunguzi bila kuchelewa. Wasichana nao wapewe chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 dozi moja hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hii haisababishi ugumba.

Lengo la dunia lililowekwa mwaka 2020 ni kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha ubora wa juu wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na ugonjwa wawe wametibiwa. Namba hizo hutangazwa katika mikutano mikubwa, lakini hutimizwa kwenye chumba kidogo cha zahanati, na muuguzi anayejua anachokitafuta.