Kuchagua Mashine ya Kuchora Picha ya Lebo

Siku hizi wakulima wengi hawauzi mavuno kwa gunia tu. Wako wanaosaga muhogo pamoja na wimbi, wakatia unga katika pakiti na kuupeleka madukani Busia na Malaba, ambako watu wa Kenya na Uganda hupita kila siku. Pakiti yataka lebo, na lebo yataka picha. Sasa ziko mashine za akili bandia: unaziandikia maneno, nazo zinachora, kwa sababu zimefundishwa kwa mamilioni ya picha pamoja na maelezo yake.

Lakini mashine hizi ni kama mbegu: ifaayo huku haifai kule.

Midjourney, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2022, huchora picha za kupendeza sana. Lakini hulipiwa kwa dola, na kwa kawaida picha zako huonekana na wengine. Stable Diffusion, ya mwaka 2022 pia, yaweza kuwekwa katika kompyuta yenu na kutumika bila intaneti. Lakini kompyuta hiyo lazima iwe ya nguvu. Adobe Firefly ilitolewa mwaka 2023, na wenyewe husema kuwa ilifundishwa kwa picha zenye ruhusa. Canva hukuwezesha kuchora na kupanga maneno mahali pamoja, hata kwa simu. Kwa kikundi kinachoanza, hiyo ndiyo rahisi.

Kabla ya kulipa, fanyeni jaribio. Ziandikieni mashine mbili maneno yale yale: mihogo iliyomenywa juu ya ungo, na masuke ya wimbi kando. Kisha tazameni vizuri. Je, ni mihogo au ni viazi vitamu? Suke la wimbi lina vidole. Ikiwa mashine imechora ngano, picha haifai. Mnunuzi wa Bukhayo atajua mara moja, naye atashuku unga wenyewe.

Mambo matatu msiiachie mashine kamwe.

Kwanza, maneno. Mashine huweza kukosea herufi. Andikeni wenyewe jina la chakula, vitu vilivyomo, uzito, anwani yenu, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika. Kosa moja likichapwa, lebo zote zimeharibika na fedha za kikundi zimepotea.

Pili, alama ya ubora ya KEBS. Hiyo haichorwi, huombwa, na hutolewa kwa kibali baada ya bidhaa kupimwa. Kuibandika bila kibali ni kuvunja sheria.

Tatu, barkodi, ile mistari myeusi isomwayo dukani. Nambari yake hutolewa na GS1 Kenya, nayo huanza na 616. Mistari iliyobuniwa na mashine haina maana.

Mkumbuke pia kwamba mwaka 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa kulinda picha zilizochorwa na mashine katika kitabu kimoja. Kwa hiyo msitegemee picha peke yake. Jina la unga wenu ndilo mali. Liandikisheni KIPI kama alama ya biashara, asije mwingine akalichukua.

Mwisho, chapeni lebo chache kwanza. Zipelekeni sokoni Nambale, mwaulize wanunuzi wanaona nini. Wakisema ni unga wa muhogo na wimbi, basi chapeni zilizobaki.