Usafi wa Mwanamke na Hatari ya Ukimwi

Yako mambo ambayo haya hutuzuia kuyataja, na kwa kutotajwa huwadhuru watu wa nyumbani mwetu. Bibi Aisha, Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari wa Madina kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kwa mwendo huo, leo twaeleza jambo la siri ya mwanamke, tukitaraji kuwa mama atalisoma na kumfahamisha binti yake, na mume atalisoma bila ya kejeli.

Wengi wakisikia neno bakteria hudhani kuwa ni maradhi matupu. Si hivyo. Mwenyezi Mungu ameweka ukeni bakteria wenye manufaa, ambao tabibu wa Kijerumani Albert Döderlein aliwaeleza mwaka 1892. Wataalamu huwaita laktobasili, nao ni jamaa ya wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Kazi yao ni kufanya asidi, yaani ukali kama ule wa mtindi. Ukali huo hudhoofisha virusi vya Ukimwi, tena huwazuia bakteria waharibifu wasizidi.

Walinzi hao wakipungua, mahali pao hukaliwa na bakteria wa namna nyingi. Huenda mwanamke akatokwa na majimaji ya kijivu yenye harufu kama ya samaki. Lakini wengi hawaoni dalili yoyote. Katika hali hiyo utando wa ndani hudhoofika na kuwasha kama mahali penye jeraha, na chembe zinazoulinda mwili hukusanyika pale. Nazo chembe hizo ndizo khasa zinazoshambuliwa na virusi vya Ukimwi. Basi askari waliokuja kulinda huwa ndio mlango wa adui.

Haya si maneno ya kukisia. Mwaka 2017 ilitangazwa khabari ya uchunguzi uliofanywa Umlazi, karibu na Durban, Afrika ya Kusini, kwa wanawake vijana 236 waliokuwa hawana virusi. Walipoangaliwa kwa muda, 31 waliambukizwa. Wenye bakteria wa namna nyingi walikuwa na hatari zaidi ya mara nne kuliko wale waliotawaliwa na laktobasili wa aina ya krispatusi; na katika hao wa pili hakuambukizwa hata mmoja.

Wala mume asidhani kuwa jambo hili halimgusi. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2012, uliofanywa katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, uliwaangalia wenzi ambao mwanamke ana virusi na mwanamume hana. Pale mwanamke alipokuwa pia na maradhi haya ya bakteria, hatari ya mwenziwe kuambukizwa ilizidi mara tatu.

Sasa tutazame desturi zetu. Wako wanawake wanaoosha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu au shabu, wakiamini kuwa huo ndio usafi. Mombasa, wanawake 1,270 wenye kufanya biashara ya mwili waliangaliwa kwa miaka kumi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006. Walioosha ndani kwa maji walionekana kuambukizwa Ukimwi zaidi ya mara mbili kuliko wasioosha ndani. Na waliotumia sabuni na vitu vingine, karibu mara nne. Hatari yao ni kubwa kuliko ya mke wa nyumbani, lakini mwili wa mwanamke ni mmoja, na funzo ni la wote.

Wala dini haikumlazimisha mwanamke taabu hiyo. Mafakihi wa Kishafii wameeleza kuwa linalowajibika kuoshwa, katika istinja na katika josho, kwa mwanamke aliyekwisha kuingiliwa, ni lile linalodhihiri anapochutama. Kilicho ndani zaidi si wajibu. Basi na aoshe nje kwa maji, na ndani aache kama alivyoumbwa.

Tunawausia waume: harufu au majimaji si ushahidi wa zina. Msimtuhumu mke, wala msimwambie akazidishe sabuni. Mpelekeni kwa daktari, kwani dawa ipo, ingawa maradhi haya hupenda kurudi. Uchunguzi wa Australia uliotangazwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa alipotibiwa mke peke yake, yaliwarudia wanawake 63 katika kila 100. Alipotibiwa na mume pamoja naye, yaliwarudia 35. Kwa hivyo nendeni wote wawili.

Lakini mtu asidanganyike kuwa bakteria wema ni ngao ya kutosha. Ukimwi huepukwa kwa uaminifu wa mume na mke, kwa kupimwa kabla ya ndoa, na kwa aliye na virusi kutumia dawa zake kila siku, kwani virusi vikifishwa nguvu hata visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Na mama atakayemfunza binti yake usafi wa sawasawa amempa amana itakayomfaa maisha yake yote.