Umeme wa Gari Ukisumbua: Safisha na Upime Kabla ya Kununua Kifaa

Mwenye gari anayeishi Mtwara Mjini, Mikindani, Msimbati au katika vijiji vinavyoelekea mlango wa mto Ruvuma hupambana na chumvi kuliko mwenzake wa Dodoma. Upepo wa baharini, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba unyevu wenye chumvi, na mvua zinapoanza, maji ya barabarani hurushwa hadi chini ya boneti. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko maji matupu, kwa hiyo huharakisha ulikaji wa metali, hasa mahali zinapokutana metali za aina mbili. Vichwa vya betri na maungio ya nyaya ni mahali pa namna hiyo.

Dalili zake zinajulikana: gari haliwaki asubuhi, taa hufifia, au stata hulia “tka” na kunyamaza. Mara nyingi shauri la kwanza ambalo mlaji hupewa ni kununua betri mpya au alteneta iliyotumika. Kifaa kisipopatikana mjini huagizwa Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 560, na gharama ya kukisafirisha huongezwa juu ya bei. Katika msimu wa korosho, pikapu ikilala siku mbili ikisubiri kifaa, mwenyewe hupoteza pia kipato. Ikiwa chanzo kilikuwa uchafu katika maungio, fedha hizo zimekwenda bure na hitilafu itarudi. Ndiyo maana tunamshauri mlaji asafishe na apime kwanza.

Kwa nini uchafu kidogo huzuia gari kuwaka

Stata ya gari dogo huvuta zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache. Mkondo wa ampea 100 ukipita penye ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 1 nzima hupotea njiani. Taa ya mbele ya wati 55 huvuta chini ya ampea 5, hivyo penye ukinzani uleule hupoteza sehemu ndogo sana ya volti. Hii ndiyo sababu redio na taa huweza kufanya kazi vizuri ilhali stata haizunguki. Tusikimbilie kusema kwamba stata imekufa. Huenda umeme haujaifikia.

Kusafisha maungio

Vinavyohitajika ni spana (kwa magari mengi ya Japani ni namba 10), msasa laini au brashi ya waya, magadi ya kupikia, maji ya uvuguvugu, kitambaa na grisi kidogo. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, na maji yake ni asidi inayounguza ngozi na macho. Kwa hiyo egesha gari penye hewa, usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu, vua pete na saa ya chuma, na uvae glavu na miwani.

1. Zima injini na uchomoe ufunguo. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Ukianza na chanya, spana inaweza kugusa bodi na kutoa cheche kali.

2. Yeyusha kijiko cha magadi katika glasi ya maji, kisha pakaza kwa kitambaa au mswaki mkuukuu penye ukungu mweupe au wa kijani. Povu likitokea, asidi inazimuliwa. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, kwani magadi yakiingia ndani huiharibu.

3. Suuza kwa maji kidogo, kausha, kisha sugua kwa msasa hadi metali ing’ae.

4. Funga waya wa chanya kwanza na wa hasi mwisho. Kaza hadi kichwa kisichezecheze kwa mkono, kisha paka grisi kwa juu ili unyevu usiingie.

5. Fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Hapo pasafishwe vilevile. Watu wengi husafisha betri na kupasahau hapo, ingawa ndipo maji ya barabarani yanapofika kwanza.

Kupima

Mlaji asiye na kifaa cha kupimia anaweza kuanza kwa kuwasha taa kubwa na kuzungusha ufunguo. Taa zikififia sana au kuzimika, betri ina umeme mdogo au maungio yana kasoro. Zikibaki na mwanga wake na stata ikawa kimya, uchunguzi uelekee kwenye fyuzi, rilei, swichi au stata yenyewe.

Multimita ndogo hutoa majibu ya uhakika zaidi. Pima betri baada ya gari kupumzika saa kadhaa. Volti 12.6 huonyesha betri iliyojaa; volti 12.2 ni takriban nusu. Chini ya 12 betri imeisha na ichajiwe kabla ya kuhukumiwa kuwa mbovu. Washa injini na upime tena. Katika magari mengi kipimo kiwe kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisipopanda, alteneta, mkanda wake au nyaya zake zikaguliwe.

Mwisho, gusisha waya mmoja wa multimita kwenye nguzo ya hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, huku mwenzako akizungusha stata. Kipimo kikizidi volti 0.5, njia ya hasi ina ukinzani, na kununua betri mpya hakutaiondoa kasoro hiyo.

Tunatahadharisha juu ya desturi ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili “kupima” alteneta. Volti hupanda ghafla na huweza kuunguza kompyuta ya gari. Mlaji ana haki ya kukataa jaribio hilo.

Fyuzi

Fyuzi imewekwa iungue ili waya usiungue. Fyuzi za kawaida za kuchomeka hutambulika kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20 na kijani 30. Gari lililokuja kutoka Japani huweza kuwa na maandishi ya Kijapani kwenye kifuniko cha kisanduku, lakini namba za ampea husomeka. Badilisha fyuzi kwa nyingine ya namba ileile. Kuweka kubwa zaidi, kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni kuondoa kinga, na gari zima laweza kuteketea. Fyuzi mpya ikiungua mara moja, mahali fulani waya umechubuka na kugusa bodi. Usiongeze fyuzi ya tatu kabla ya kuutafuta.

Yasiyofaa kufanyiwa nyumbani

Nyaya zenye ganda la rangi ya machungwa katika magari ya haibridi hubeba umeme unaoweza kuua. Nyaya za mifuko ya hewa, ambazo aghalabu huwa na maungio ya njano, zisiguswe wala kupimwa. Betri iliyovimba au kupasuka isichajiwe. Aidha, betri yenye vifuniko ikipungukiwa huongezwa maji yaliyokenekwa tu, yaani maji safi ya betri. Isiongezwe asidi wala maji ya kisima.

Unapolazimika kununua

Ukishapima, mweleze fundi ulichokiona na umwombe akuonyeshe kipimo chake kabla ya kukubali bei. Tafuteni makubaliano kuhusu gharama mapema, na uombe urudishiwe kifaa cha zamani. Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, na dhamana iandikwe pamoja na muda wake. Kagua tarehe ya kutengenezwa kwa betri, kwani betri hudhoofika hata ikiwa dukani.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia. Aliyeuziwa kifaa bandia anaweza kulalamika Tume ya Ushindani. Kuhusu ubora na viwango, Shirika la Viwango Tanzania. Tunza risiti, kifungashio, kifaa chenyewe na vipimo ulivyoviandika. Bila ushahidi huo ni vigumu kuthibitisha kwamba ulichouziwa hakikuwa kile ulichoahidiwa.