Usimwite mtoto 'mbumbumbu' kabla hujajua alikokulia!

Wiki hii naanza na kisa cha nyumbani kwetu. Baba mdogo alimleta mwanawe kutoka Rorya, mkoani Mara, aje asome hapa Dar. Dogo ana miaka kumi. Haikupita miezi miwili, mwalimu akatuandikia kwamba mtoto ni "mzito", arudishwe darasa moja nyuma. Baba akaja juu: "Basi Januari anarudi kwao akachunge mbuzi!"

Nikamweka dogo chini nikamuuliza kulikoni. Akajibu taratibu, macho chini: "Kaka, mwalimu alishika kalamu nyekundu akaniuliza ni rangi gani. Nikadhani ananitega. Kwani yeye haioni?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Kwetu mkubwa humuuliza mtoto jambo asilolijua: mbuzi wangapi wamerudi, mama kaenda wapi. Na mtoto mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa. Shuleni adabu hiyo hiyo inageuka ujinga!

Hili si la dogo peke yake. Mwaka 1975 mtaalamu Joseph Glick aliandika habari za wakulima wa Kikpelle kule Liberia. Waliwekewa vitu 20: vyakula, nguo, zana na vyombo vya jikoni, wakaambiwa wapange vinavyokwenda pamoja. Wataalamu walitegemea mafungu manne. Wenzetu wakaweka kisu na chungwa, maana kisu ndicho kinachokata chungwa. Eti mtu mwenye akili hupanga hivyo. Mwishowe wakaulizwa: na mpumbavu je, angepangaje? Hapo hapo wakatoa mafungu manne, safi kabisa! Kumbe uwezo walikuwa nao, ila walichokiita akili sicho walichokitaka wenye mtihani.

Turudi kwetu Wajaluo. Mwaka 2001 Elena Grigorenko na wenzake walitoa utafiti uliofanyika Kenya kuhusu maana ya akili kwa Wajaluo. Wakakuta maneno manne: rieko, yaani ujuzi, luoro, heshima na kuwajali wengine, paro, kufikiri na kuanzisha jambo, na winjo, kusikia na kuelewa yanayokuzunguka. Mtihani wa darasani hugusa zaidi hilo la kwanza, mengine yanabaki nje ya mlango.

Sasa sikia. Usiku mmoja mama alishikwa na homa kali. Aliyesikia akiguna ni dogo. Mpaka anakuja kutuamsha, alikuwa keshamgongea jirani mwenye gari. Sisi wenye vyeti tulikuwa tunakoroma! Kama hiyo siyo winjo, ni nini?

Sisemi shule haina maana, la hasha. Bila kusoma na kuhesabu, mjini hapa utaumia. Lakini mtoto aliyelelewa kwa kusikiliza hawezi kugeuka msemaji kwa miezi miwili. Nimemwomba baba ampe mwaka mmoja. Kila jioni namweleza dogo kwamba mwalimu huuliza anachokijua ili ajue kama nawe unakijua. Juzi ameniambia: "Kaka, kumbe ni mchezo tu!" Jana kanyoosha mkono darasani kwa mara ya kwanza.

Baba bado hajatoa jibu, na Januari haiko mbali. Wewe mzazi unayesoma hapa, wa kwako unayemwita mzito, ulishawahi kumuuliza anawaza nini?

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.