Kufunza Utafiti wa Kimaelezo: Funzo la Neno "Mugwe"

Utafiti wa kimaelezo huchunguza maana ambazo watu huyapa maisha yao, kwa njia ya usaili, ushuhudiaji na uchanganuzi wa matini. Mwanafunzi wa uzamili hufunzwa istilahi hizi darasani. Ugumu wake hudhihirika nyanjani.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayekwenda Githongo, katika Imenti ya Kati, Meru, kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru. Anauliza kwa Kiswahili, mzee anajibu kwa Kimeru, tasnifu inaandikwa kwa Kiswahili. Akiandika "nabii" pale mzee aliposema "Mugwe", amekwisha kufasiri kabla ya kuchanganua.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia Bernardo Bernardi alichapisha kitabu ambacho anwani yake ilimwita Mugwe nabii anayeshindwa. Anwani ya toleo la 1989 ikamwita nabii anayebariki. Kubariki watu ndiko kulikokuwa kazi kuu ya Mugwe. Anwani ya kwanza haikuidokeza.

Kwa hivyo, inapendekezwa kwamba kozi ya mbinu za utafiti ianze na sauti iliyorekodiwa. Kila mwanafunzi ainukuu kwa lugha ya msemaji, aitafsiri, kisha amsomee msemaji ili amsahihishe. Naye mhadhiri aukague unukuzi huo kwa umakini ule ule anaoutumia katika sura ya nadharia, kwani mzee aliyenukuliwa vibaya hayumo ukumbini siku ya kutetea tasnifu.