Soriasisi: Ugonjwa wa Ngozi Usioambukiza

Wapo wakazi wanaofika zahanati wakiwa wamekwisha kupaka kila aina ya dawa ya fangasi ipatikanayo dukani, na mabaka yao hayajapungua hata kidogo. Baadhi yao huwa na soriasisi. Ugonjwa huu si fangasi, na haumwambukizi mtu kwa kushikana mikono, kwa kulala kitanda kimoja, kwa taulo wala kwa chakula. Hata hivyo, wagonjwa wengi huumizwa na macho ya watu kuliko mwasho wenyewe. Kinyozi husita kuwanyoa, abiria wa jirani husogea pembeni, na pengine hata nyumbani hutengewa sahani na kikombe chao. Tahadhari hizo hazimkingi yeyote, kwa sababu hakuna cha kujikinga nacho.

Ili kuelewa chanzo chake, hapana budi tuanze na ngozi iliyo nzima. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda juu polepole, hufa, kisha hupukutika bila sisi kutambua. Safari hiyo huchukua takriban siku 28. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili huishambulia ngozi kana kwamba imevamiwa na adui, nayo ngozi hujibu kwa kuzalisha seli kwa pupa. Safari ya mwezi mzima hukamilika kwa siku chache tu, na seli ambazo hazijakomaa hurundikana juu na kuwa magamba. Mwelekeo huo hurithiwa katika ukoo, ingawa si kila aliyeurithi huugua.

Vitabu vingi huyaeleza mabaka hayo kuwa mekundu yenye magamba ya rangi ya fedha. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwetu, baka aghalabu huwa la zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, nene, lenye mpaka ulio wazi. Hupenda viwiko, magoti, kiuno na kichwani. Kucha nazo huweza kuwa na vishimo vidogo kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano.

Choa huonekana kama pete ambayo katikati yake imepona. Ukoma, ambao zamani ulichanganywa na soriasisi hata katika vitabu vya tiba, hadi daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna alipotenganisha magonjwa hayo mawili mwaka 1841, una dalili yake kuu: baka hupoteza hisia. Mwenye baka lisilohisi mguso asisubiri. Ukoma hupona, na dawa zake hutolewa bila malipo.

Soriasisi hulala na kuamka. Huamshwa na maambukizi ya koo, hasa kwa watoto na vijana, msongo wa mawazo, sigara, pombe, na baadhi ya dawa, zikiwamo za aina fulani za shinikizo la damu. (Asiache mtu dawa ya presha kwa kusoma makala hii, amuulize kwanza mtoa huduma.) Soriasisi inayoanza ghafla na kwa ukali ni sababu tosha ya kupima VVU, kwa kuwa virusi hivyo huweza kuichochea, na dawa za kufubaza virusi mara nyingi huituliza. Ngozi iliyojeruhiwa pia huota mabaka mapya mahali pa jeraha. Kwa hiyo anayechanjwa chale ili apone, au anayesugua magamba kwa jiwe mpaka damu itoke, hujiongezea ugonjwa anaoukimbia.

Mwaka 2014 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio lililoutambua ugonjwa huu kuwa sugu na usio na tiba ya kuuondoa kabisa. Anayeahidi kuung'oa kwa dozi moja anauza uongo. Kuutuliza, hata ngozi ikakaa miezi au miaka bila baka, kunawezekana. Msingi wake ni wa bei nafuu: mafuta mazito ya mgando yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Marhamu ya asidi ya salisiliki hulainisha magamba, na marhamu ya steroidi hupunguza uvimbe. Jua la asubuhi kwa kiasi huwasaidia wengi, ila ushauri huo hauwahusu wenye ualbino.

Hapa kwenye steroidi ndipo madhara makubwa hutokea. Krimu kali, kama zile za klobetasoli, huuzwa kiholela, nyingine zikiwa ndani ya mkorogo wa kung'arisha uso. Zikipakwa miezi mfululizo hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuchanika michirizi. Vidonge au sindano za steroidi ni hatari zaidi: mgonjwa hupata nafuu ya haraka, lakini akiziacha ghafla soriasisi huweza kulipuka mwili mzima, pengine kwa usaha na homa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ugonjwa ukienea sana, daktari huweza kuandika methotreksati. Kwa soriasisi dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu. Mtumiaji hupimwa damu na ini mara kwa mara, haipaswi kutumiwa na mjamzito, na pombe haipatani nayo.

Huduma huanzia zahanati au kituo cha afya, na penye haja mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au kwa bingwa wa ngozi. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kikanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi, wakiwamo maofisa tabibu. Unapokwenda, beba vifungashio vya dawa zote ulizokwisha kupaka au kumeza, hata zile za mitishamba na za urembo. Aidha, mweleze mtoa huduma ikiwa viungo vya vidole, magoti au mgongo hukakamaa asubuhi. Soriasisi huweza kushambulia maungio na kuyaharibu moja kwa moja, na wagonjwa wengi hudhani ni uchovu wa shamba.